Kabla ya Kuweka Office Mpya, Uliza Inaondoka na Nini

Oktoba mwaka huu wa 2026 Microsoft inaachana na Publisher. Kama unafanya kazi benki au wizarani, huenda hujawahi kuifungua programu hiyo hata siku moja, na habari yenyewe haikugusi. Sisi wenye steshenari za mitaani inatugusa sana. Publisher ndiyo iliyotengeneza kadi za michango ya harusi, ratiba za ibada za mazishi, vyeti vya mahafali ya chekechea, vipeperushi vya mikutano ya injili na vya maulidi, lebo za asali ya kina mama wa vikoba. Imekuwapo tangu 1991, na kwa mtu aliyejifunza kompyuta kwa kuelekezwa na mwenzake dukani, hakuna programu rahisi kuliko hiyo: unachora kisanduku, unaandika ndani, unakisogeza unapotaka.

Baada ya Oktoba, aliyejiunga na Microsoft 365, yaani ile Office ya kulipia kila mwezi au kila mwaka, hataweza tena kuyafungua mafaili yake ya Publisher ndani ya Publisher. Office 2024, ile ya kununua mara moja, haina Publisher kabisa. Sasa piga hesabu hiyo vizuri. Mwenye steshenari anayetoa pesa halali leo ili awe na kipya kuliko vyote anakosa chombo ambacho jirani yake mwenye Office 2010 anaendelea nacho bila shida, na wateja wa harusi watahamia kwa jirani.

Mimi ni mhazili wa zamani. Nilisomea Tabora wakati mtihani wa kasi ulifanywa kwa taipureta na hatimkato likiwa somo la kuwatoa watu machozi. Nikafanya kazi serikalini mpaka nilipoona inatosha, nikafungua steshenari hapa Kihonda, Morogoro, jirani na shule ya sekondari. Kompyuta za dukani hakuna mbili zenye Office ya mwaka mmoja. Kwa hiyo swali la kama mtu ahamie toleo jipya au abaki na la zamani nimeulizwa na walimu, wachungaji, watendaji wa mitaa na vijana wa chuo wenye tasnifu zisizokwisha. Jibu langu huwaudhi kidogo, maana nami huuliza: likija jipya, linaondoka na nini? Wauzaji na mafundi wamejaa orodha za vinavyoongezeka. Orodha ya vinavyopungua inabidi uiandike mwenyewe, na ukishaiandika, uamuzi unakuwa mwepesi kuliko ulivyodhani.

Waliokuwa maofisini Office 2007 ilipoingia watakumbuka. Menyu tulizozijua kwa vidole zilitoweka asubuhi moja, mahali pake pakakaa utepe mpana wa vitufe vya picha. Pa kuprintia hapakuonekana. Palikuwa pamefichwa ndani ya kitufe cha mviringo chenye nembo, pembeni juu kushoto, ambacho kila mtu alidhani ni pambo. Mhazili mkuu wetu, mama mwenye kasi ambayo vijana wa leo hawataifikia, aliomba arudishiwe mashine yake ya zamani na hakuona aibu kuomba. Hata Microsoft walielewa, kwa sababu toleo la 2010 lilikiondoa kile kitufe na kurudisha neno "File" mahali pake. Jambo la kuchekesha ni kwamba njia nyingi za mkato za kibodi hazikufa. Ndani ya Excel ya leo ukibonyeza Alt, kisha E, kisha S, lile dirisha la kubandika kwa namna maalumu linafunguka kama lilivyofunguka 2003. Vidole vyangu havijui kwamba dunia imebadilika.

Lakini kilichotulazimisha kuhama mwaka ule hakikuwa utepe. Yalikuwa mafaili. Wizara zilianza kuleta barua zenye mkia wa docx, na Office 2003 ilipozifungua ilionyesha takataka. Ilibidi kuweka kiraka cha bure kilichoziwezesha programu za zamani kusoma mafaili mapya, na kiraka hicho kiliondolewa mwaka 2018. Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba katika kazi ya ofisi toleo lako huchaguliwa na watu wanaokuletea mafaili. Unaweza kukaa na taipureta kama barua zako zote unazianza na kuzimaliza wewe. Mara tu mtu mwingine anapokukabidhi kitu ukirekebishe, umeingia kwenye mwaka wake.

Chukua walimu. Matokeo ya kidato cha nne hupangwa kwa pointi za masomo saba aliyofanya vizuri zaidi: pointi 7 hadi 17 ni divisheni ya kwanza, 18 hadi 21 ya pili, 22 hadi 25 ya tatu, 26 hadi 33 ya nne, zaidi ya hapo sifuri. Zamani mwalimu wa taaluma alikaa na kikokotoo usiku kucha. Siku hizi kuna Excel, na walimu vijana wanaijua kweli. Mmoja wao huja dukani na flashi, ana kompyuta mpakato yenye Microsoft 365, na jedwali lake la mtihani wa majaribio ni la kujivunia: unaingiza alama, gredi inatoka, divisheni inatoka, nafasi ya mwanafunzi inatoka. Ametumia IFS, ametumia XLOOKUP. Fomula ya kwanza haimo katika Excel ya kabla ya 2019, na ya pili haimo katika Excel ya kabla ya 2021.

Sasa lifungue jedwali hilo kwenye mashine yenye Excel 2010. Utashangaa, kila kitu kipo. Namba zote zimekaa mahali pake, kwa kuwa Excel inaonyesha majibu yaliyohifadhiwa mara ya mwisho. Ukibofya kisanduku ndipo utaona mbele ya jina la fomula pameongezwa herufi za ajabu, _xlfn na nukta yake. Mwalimu anasema, "Mama, mwanafunzi huyu Kemia ni 47, siyo 41, nirekebishie tuprinti." Unarekebisha. Papo hapo gredi, pointi na divisheni ya mtoto huyo zinageuka #NAME?, na kama kuna safu ya nafasi inayozitegemea pointi hizo, darasa zima linaharibika hadi chini. Hiyo ni heri, kwa kuwa umeona. Ninachokiogopa mimi ni yule asiyebofya, anayeona namba zimetulia, akaandika 47 juu ya karatasi kwa kalamu na kuacha divisheni ya zamani.

Wakubwa nao yamewakuta. Uingereza, mwaka 2020 katikati ya korona, idara ya afya ya umma ya England ilipoteza kwa muda wagonjwa 15,841 kutoka kwenye hesabu za kati ya Septemba 25 na Oktoba 2. Majibu ya maabara yaliingizwa kwenye mafaili ya Excel ya muundo wa zamani, ule wa xls, ambao mwisho wake ni mistari 65,536. Muundo uliokuja na Office 2007 unabeba mistari 1,048,576. Mistari iliyozidi ilikatwa kimyakimya, na watu waliokuwa karibu na wagonjwa hao wakachelewa kutafutwa. Serikali ile haikukosa pesa ya kununua Office. Programu ilikuwapo, muundo mpya ulikuwapo kwa miaka kumi na mitatu, ila kazi yenyewe ilikuwa imebaki kwenye mkondo wa zamani na hakuna aliyeuliza mkondo huo unaishia wapi.

Kwa hiyo mimi si mtetezi wa mambo ya kale. Kuna hoja moja ya kuhama ambayo siibishii kabisa, nayo ni viraka vya usalama. Office 2010 iliacha kupata viraka Oktoba 2020. Office 2013 iliacha Aprili 2023. Office 2016 na Office 2019 ziliachwa siku moja na Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, ambayo kwetu Tanzania ni sikukuu ya kumkumbuka Mwalimu Nyerere, maduka mengi ya kompyuta yamefungwa. Office 2021 nayo inaachwa mwaka huu, tarehe 13 Oktoba. Ukiweka Office 2024 unahakikishiwa hadi Oktoba 9, 2029, basi. Wengi husikia tarehe hizi wakadhani siku hiyo programu inazimika. Haizimiki. Inaendelea kuchapa kama jana, ila tundu likigunduliwa hakuna wa kuliziba.

Na matundu yapo ya kutisha. Walimu wa Hisabati wanaijua ile Equation Editor ya zamani, iliyotumika kuandikia vipeuo na sehemu. Mwaka 2017 iligundulika ina tundu lililokuwamo kwa miaka kama 17: mtu alitengeneza hati, wewe ukaifungua tu bila kubonyeza kingine chochote, naye akawa ameingia kwenye kompyuta yako. Microsoft waliliziba Novemba mwaka huo, kisha Januari 2018 wakaing'oa Equation Editor yote. Hapo pia kuna kilichoondoka. Mitihani ya miaka ya nyuma iliyoandikwa kwa chombo hicho ukiifungua leo kwenye Word iliyopata viraka utaona milinganyo, utaiprinti, lakini ukitaka kubadilisha x iwe y inakataa. Inabidi ibadilishwe au iandikwe upya kwa chombo kilichokuja na Office 2007. Nimewaandikia walimu milinganyo mingi kwa njia hiyo na nimewatoza, kwa sababu ni kazi.

Mwaka 2022 Microsoft walianza kuzuia makro, yaani amri za kujiendesha ambamo virusi hujificha, katika mafaili yanayotoka kwenye intaneti. Ni jambo jema. Lakini kizuizi hicho hutegemea alama ambayo Windows hulibandika faili linapopakuliwa, na alama hiyo haikai kwenye flashi nyingi tunazotumia, kwa jinsi zilivyofomatiwa. Mteja wa steshenari haji na intaneti, anakuja na flashi iliyopita shuleni, kanisani, kwa shemeji na kwenye steshenari tatu nyingine. Kinga ambayo mwenye ofisi ya Dar anaitegemea, kaunta yangu haiipati. Ukiniuliza mashine ipi dukani inastahili Office mpya na Windows mpya, nitakujibu bila kufikiri: ile inayopokea flashi za watu. Wenye maduka wengi hufanya kinyume. Mashine mpya huwekwa ofisini kwa bosi, aangalie mpira na hesabu za siku, na ile kuukuu ndiyo inasukumwa kaunta kwa binti wa kazi, ikutane na virusi vya kata nzima.

Sasa aje fundi. Fundi wetu ni kijana mwema, huanza na shikamoo na humaliza na bei. "Mama, nipe elfu kumi na tano nikuwekee Office mpya kabisa, inajiaktiveti yenyewe." Najua kinachofuata. Atazima kwanza kinga ya virusi kwa sababu inampigia kelele, ataendesha programu aliyoipata pasipojulikana, Office itafunguka na kuonyesha mwaka mpya, kisha ataondoka. Huko ni kuhama ambako napinga moja kwa moja. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu, hilo moja. La pili, na ndilo linalonikera zaidi, umetoka kwenye programu ya zamani iliyokosa viraka ukaingia kwenye programu mpya iliyofunguliwa kwa zana ambayo hujui nani kaitengeneza wala inafanya nini usiku. Kama sababu yako ya kuhama ilikuwa usalama, umelipa elfu kumi na tano kuununua wasiwasi ambao hukuwa nao.

Njia halali ina bei yake na sitaificha. Office 2024 yenye ruhusa ya kutumika kwenye biashara, Home and Business, ilitangazwa kwa dola 249.99 kwa kompyuta moja. Tuseme dola ni shilingi 2,500 kwa kukadiria tu. Inafika 625,000. Kopi moja natoza shilingi 100, kwa hiyo hizo ni kopi 6,250 kabla sijatoa karatasi, wino, umeme na pango. Ya kulipia kila mwaka inaanza na kiasi kidogo zaidi, lakini hiyo ni kupanga chumba: mwenye nyumba akipandisha kodi, wewe unaongeza au unatoka. Januari 2025 Microsoft 365 ya mtu binafsi ilipanda Marekani kutoka dola 69.99 hadi 99.99 kwa mwaka, sababu ikiwa akili mnemba waliyoiongeza ndani, Copilot, uitake usiitake. Nchini Australia tume inayolinda wanunuzi iliwapeleka mahakamani Oktoba 2025, ikidai kwamba kifurushi cha bei ya zamani kisicho na Copilot kilikuwapo, ila mteja alikiona pale tu alipoanza kujitoa. Na ukiacha kulipa, hati zako utazisoma na kuziprinti, lakini hutaziandika. Pia mashine inataka kuunganishwa intaneti angalau mara moja kwa mwezi ili ithibitishe kwamba umelipa. Kwa mtu wa Dar hilo si neno. Kuna mashine za zahanati za vijijini ambazo hazijaona bando tangu zifungwe.

Halafu programu huvuta kompyuta. Anayetaka kuhama kwa ukamilifu ataambiwa aende Windows 11, na Windows 11 inataka, kwa mashine za Intel, kichakataji cha kizazi cha nane au zaidi, pamoja na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa mitumba hapa Morogoro ni za kizazi cha nne na cha sita. Zina nguvu ya kutosha kuchapa barua mpaka wajukuu wangu wastaafu. Kwa hiyo aliyetaka toleo jipya la Word kwa ajili ya barua za kijiji anajikuta ananunua mashine nyingine. Hapo namwambia asimame, avute pumzi, aniambie tena ni barua gani hiyo anayotaka kuandika.

Mara nyingi barua hiyo inaandikika kwa LibreOffice, ya bure na halali, iliyojitenga na OpenOffice mwaka 2010. Ninayo kwenye mashine moja na sijutii. Inapata viraka, haidai leseni, na ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili, kwa hiyo barua ya Kiswahili haijai mistari myekundu kama ilivyo kwenye Word ambayo fundi ameiacha katika Kiingereza. Tena tuseme ukweli, Watanzania hatukuwa wageni huko: mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux walishatoa Jambo OpenOffice, menyu zote kwa Kiswahili. Sikuwahi kuiona ofisi ya serikali ikiitumia. Ni jambo ninalolifikiria ninapoona tunavyohangaika na leseni.

Ila LibreOffice nayo ina orodha yake ya vinavyoondoka. Fonti ndiyo kero kubwa. Word ilianza na Calibri kama fonti yake ya kawaida mwaka 2007, kisha mwaka 2023 Microsoft wakahamia Aptos. Hati iliyoandikwa kwa Aptos ikifika kwenye mashine isiyo na Aptos, iwe ya LibreOffice au ya Word 2016, fonti nyingine inashika nafasi yake na mistari inasogea. Mtihani uliotosha kurasa nne unamwaga maswali mawili ukurasa wa tano. Kwa wanafunzi 300 hizo ni karatasi za ziada zisizo kwenye bajeti ya mkuu wa shule, na lawama huja kwa mchapaji. Dawa ni mwalimu kuchagua Times New Roman kabla hajaandika neno la kwanza, au kuleta PDF. Hata aliyechapa kwenye simu kwa WPS, PDF itamwokoa.

Hapa nina neno na wenzetu wa maofisini. Huku mitaani tunachelewa kuhama kwa sababu za pesa, lakini tungeteseka nusu tu kama wanaotuma wangefikiria wanaopokea. Kuna ofisi moja ilisambaza fomu ya maombi ya Word yenye visanduku vya kutia tiki vya aina iliyoanza na Word 2010. Kwenye Word 2007 havibonyezeki. Wazee walitoka vijijini kwa bodaboda kuja kujaza fomu, tukaishia kuiprinti tupu na kutia tiki kwa kalamu, kisha ofisi ile ile ikakataa fomu zilizojazwa kwa mkono. Kitu cha kusoma kitumwe PDF. Kitu cha kujaza kijaribiwe kwanza kwenye kompyuta kuukuu kuliko zote jengoni, na ninajua ipo, iko masjala. Na mwalimu mwenye IFS yake nzuri aandike IF ndani ya IF kama tulivyofanya zamani; ni ndefu, inachosha macho, lakini inafunguka kwa kila mtu.

Basi uamuzi wangu mwenyewe ni huu. Mashine ya kaunta nimeamua iwe na Windows 11 na Office 2024 ya kununua mara moja, nikikusanya taratibu, kwa kuwa ndiyo inayokutana na flashi za dunia na fomula za vijana. Sitapanga ya kila mwaka. Kwa kazi yangu Copilot hainisaidii kumchapia mtu barua ya kuomba kiwanja. Mashine ya katikati inabaki na LibreOffice. Ile ya ukutani yenye Office 2010 niliyoinunua na leseni yake siiuzi. Nimechomoa waya wa intaneti, na hairuhusiwi kuingia flashi ya mteja, ila flashi moja ya duka iliyokwisha kupimwa kwenye mashine ya kaunta. Kazi yake ni Publisher. Ukiwa na mashine moja tu, na kazi yako ni barua na mihtasari ya vikao, weka LibreOffice na uache kuumiza kichwa. Ukiwa mhasibu au mwalimu wa taaluma unayepokea majedwali ya wengine, nunua mpya, umechelewa.

Yamebaki mafaili yenyewe ya Publisher. LibreOffice imeweza kuyafungua tangu toleo la 4.0 la mwaka 2013, lakini maandishi ya kupinda huvurugika na picha huhama, kwa hiyo usitegemee kuyabadilishia huko. Njia ninayoiamini ni kulifungua faili kwenye Publisher yenyewe, kulihifadhi kama PDF, na kulitunza lile la asili pembeni. Wateja wangu wa miaka yote, wa kwaya, wa misikiti, wa kamati za harusi, leteni flashi zenu kabla ya Oktoba wakati Publisher bado iko kwa majirani wengi na foleni si ndefu. Natoza shilingi 500 kwa faili. Ratiba za mazishi sitozi.